Sola kwenye trela la kambi: betri ya lithiamu, paneli ya wati 200 na inveta ya wati 1,000

Mfumo wangu ni betri moja ya lithiamu (aina ya LiFePO4) ya volti 12, 100Ah (ampea-saa 100), paneli ya wati 200 juu ya paa, chaji kontrola ya MPPT (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) na inveta ya wati 1,000, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Inveta hiyo ni ya pyua sain, yaani wimbi lake la umeme ni laini kama la soketi ya nyumbani. Nimeutumia kwenye joto na kwenye baridi, mahali pasipo na nguzo ya umeme wala soketi ya kuchomeka. Naupenda sana, ila sifa nyingi si za inveta. Ni za vifaa vinavyochukua umeme moja kwa moja kwenye betri.

Betri hii inabeba kama wati-saa 1,280, na karibu zote zinatumika. Betri ya maji (ya risasi na asidi) ya ukubwa huohuo ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua mapema, kwa hiyo unabeba mzigo mara mbili na zaidi ili upate nusu ya umeme. Tena volti za lithiamu hazishuki ovyo. Taa zinawaka vilevile mpaka alfajiri. Sharti lake ni baridi: haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Yangu ina ulinzi wa kukata chaji, na asubuhi zenye barafu inagoma kabisa kupokea umeme mpaka ipate joto. Usinunue isiyo na ulinzi huo kama unakwenda sehemu za baridi.

Inveta nayo haina lawama. Blenda na chaja ya drili zinafanya kazi kama ziko nyumbani. Hizi za bei rahisi zisizo za pyua sain hufanya mota zingurume na zipate moto, kwa hiyo ongeza hela kidogo hapo. Lakini inveta inakula hata kama hujachomeka kitu. Yangu ikiwashwa tu inavuta kama wati 10. Iache hivyo usiku na mchana, wati-saa 240 zimekwenda, karibu moja ya tano ya betri, na hujapata hata kikombe cha chai.

Ndiyo maana friji yangu ni ya kompresa ya volti 12. Inavuta wati 50 hivi ikizunguka, halafu inapumzika. Joto likizidi, mapumziko yake yanakuwa mafupi. Feni, taa za LED, pampu ya maji, chaja za simu na hata ya laptopu zote ni za volti 12. Inveta naiwasha nikiwa na kazi nayo, nikimaliza nazima.

Kuhusu birika la umeme, naomba mnisikilize. Birika la wati 1,500 kwenye volti 12 linataka zaidi ya ampea 120. Inveta yangu hailiwezi, na hata ungeweka inveta kubwa, betri nyingi za 100Ah zinaruhusu ampea 100 tu, zikizidi zinajikata. Vitu vya kutoa joto, kuanzia pasi mpaka mashine ya kukaushia nywele, viko kundi hilohilo. Maji nachemsha kwa gesi, na sijutii.

Paneli ikilala bapa juu ya paa haifiki wati 200. Jua la mchana likiwa kali napata 140 hadi 160. Kinachoniuma ni kivuli. Tawi moja jembamba likipita kwenye kona ya paneli, namba kwenye kioo cha kontrola zinaporomoka hapo hapo unapotazama, hasara kubwa kuliko kivuli chenyewe. Ukiegesha chini ya mti upate ubaridi, friji na feni ndizo zitakazolipia.

Waya msifanyie ubahili. Kati ya betri na inveta weka nene na fupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Mzigo ukiwa mkubwa, pitisha mkono juu ya waya. Ukiwa wa moto, ni mwembamba mno au kiungio kimelegea.

Kwa watu wawili wanaopikia gesi, mfumo huu unatosha vizuri. Nikiongeza kitu haitakuwa betri ya pili. Nitachukua paneli ya kukunja yenye waya mrefu, trela likae kivulini na paneli ikae juani.