Mafundi waliokataa kuipiga nyundo pistoni ya BSA yangu

Kama una haraka, hawa mafundi si wa kwako. Pikipiki yangu ya BSA M20, ile ya silinda moja ya cc 496 iliyobebeshwa askari wa Uingereza kwenye Vita Kuu ya Pili, ilikaa kwao miezi mitano. Niliirithi kwa mjomba ikiwa imepinda fremu na pistoni imekwama ndani ya silinda; kiki ukiikanyaga ni kama umekanyaga jiwe.

Gereji ya kwanza walitaka waweke kipande cha mti juu ya pistoni waitwange nyundo. Nikaondoka na chuma changu. Hawa wa pili walifungua hedi, wakamimina asetoni na oili ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, wakaiacha. Kila asubuhi wanaongeza kidogo, maana hujipenyeza kwenye ringi ikapungua. Siku ya kumi na moja wakafuta kila tone, wakasubiri asetoni iishe kabisa (inashika moto upesi sana, mzaha huo hawafanyi), ndipo wakaipasha silinda kwa nje ili chuma kitanuke kabla ya pistoni kupata joto.

"Bosi, sikiliza," fundi akaniambia, akakandamiza kiki kwa kiganja. Ikalia kak! kama kijiti kikavu, pistoni ikashuka unene wa ukucha. Mimi nataka amalizie. Yeye akairudisha juu, akatia oili, akaenda kunawa mikono.

Kwenye fremu ndipo nilipowavulia kofia. Mabomba ya fremu hizi huingizwa kwenye vikombe vya chuma na kuunganishwa kwa shaba. Kuna mtu zamani alichomelea kwa umeme juu ya shaba hiyo, na mshono ukatoka vitundu kama sifongo. Waliukwangua wote, wakakata bomba lililopinda, wakaweka jipya na kuliunga kwa shaba tena. Kisha wakavuta nyuzi mbili kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, wakaniita nipime mwenyewe kama magurudumu yamenyooka.

Nyota ya tano nawanyima kwa sababu ya rangi. Wameipuliza hadi ndani ya viti vya beringi za usukani, nimekesha nikikwangua kwa msasa. Na namba ya fremu wameizika. Hadi sasa nimefukua tarakimu tatu kwa pini.