Picha za Gee's Bend, Kaunti ya Wilcox: pakua faili kubwa, usiridhike na ile ndogo

Mimi ni fundi cherehani, nashona Tanga. Mwaka huu mteja aliniletea furushi la vitenge vya marehemu mama yake, akataka nimuunganishie blanketi la viraka. Nikaanza kutafuta mifano mtandaoni, nikafika Gee's Bend, kijiji cha Kaunti ya Wilcox, Alabama, mahali ambapo Mto Alabama umejikunja ukakizunguka pande tatu. Mablanketi ya akina mama wa kule yametundikwa kwenye makumbusho makubwa ya Marekani, na mwaka 2006 posta ya nchi hiyo ilitoa stempu 10 zenye sura zake. Nikataka kuwaona wanaoshona. Picha zao za zamani ziko kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na nimezitumia miezi minne sasa. Nyota tano.

Ni bure kabisa. Hujisajili, hulipi, hakuna anayekuomba barua pepe. Zilipigwa na wapiga picha walioajiriwa na serikali ya Marekani kwa mradi wake wa picha, kwa hiyo unaweza kuzisafisha na kuzitundika dukani bila kuomba ruhusa. Ukitafuta, andika Gees Bend bila ritifaa, maana maelezo ya picha nyingi yameandikwa hivyo. Mimi ritifaa ilinipotezea jioni nzima.

Inafaa ujue kwanza kilichowapata watu hawa. Wengi wao walikuwa wajukuu na vitukuu vya waliokuwa watumwa wa shamba la Pettway, na familia nyingi hadi leo zina jina hilo la mwenye shamba. Walilima pamba kwa mkopo. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikuwa amefariki, mjane wake akadai madeni yote kwa mkupuo. Wakachukuliwa nyumbu, ng'ombe, zana za kulimia, hata mahindi yaliyokuwa ghalani. Kijiji kizima kikabaki mikono mitupu, Msalaba Mwekundu ukawaletea chakula. Mwaka 1937 ndipo Arthur Rothstein alipofika na kamera yake, kijana wa miaka 21, na mwaka 1939 akaja Marion Post Wolcott.

Sasa kuhusu ukubwa wa faili, maana hapa ndipo nilipokosea. Kila picha ina ukubwa kadhaa wa kupakua. Kwa kubana bando nilichukua ile ndogo, nikaipeleka studio moja ya hapa mjini wanisafishie saizi ya kalenda. Hawakuniambia kitu. Nilipokwenda kuchukua nikakuta nyuso zimevurugika kama zimepakwa majivu, na hela hazikurudi. Niliumia, kwa sababu wale ni watu, wana sura zao. Baadaye nikapakua faili ya TIFF, yaani ile kubwa kuliko zote, ya picha ile ile. Ni nzito, usiku ndiyo hushuka vizuri, lakini ukishaifungua kwenye kompyuta na kuikuza, unaingia ndani ya nyumba.

Chukua ile ya msichana dirishani, iliyopigwa na Rothstein. Nyumba ni ya magogo, nyufa zimezibwa kwa udongo, dirisha halina kioo, lina ubao tu wa kufungia. Kwenye ubao huo wamebandika gazeti kuzuia upepo, na gazeti lina tangazo la mwoka mikate: mwanamke wa Kizungu anatabasamu na vyakula vyake. Msichana anatazama upande mwingine. Kwenye faili ndogo gazeti lile ni doa jeupe tu, ungeweza kulipita. Jina la mtoto halikuandikwa wakati ule. Siku hizi anajulikana kuwa ni Artelia Bendolph. Maelezo mengi ya 1937 yako hivyo hivyo, yanasema vizazi vya watumwa wa shamba fulani, basi. Ninapoyasoma hukasirika, maana aliyesimama mbele ya kamera alikuwa na jina na mama yake alilijua.

Ndiyo maana nampenda sana Jorena Pettway, ambaye ametajwa. Mwaka 1937 Rothstein alimpiga picha na wasichana wawili, naye akiwa mshonaji wa mablanketi. Miaka miwili baadaye Wolcott akamkuta anatengeneza na binti yake kifuniko cha kiti kwa mifuko ya unga iliyopaushwa, na maua ya karatasi. Maelezo yanasema viti vyenyewe aliviunda yeye, na karibu samani zote za nyumba ile. Mama yangu alitushonea foronya za mifuko ya unga. Aliiloweka, akaianika, akailoweka tena mpaka maandishi yakaisha. Nilipoona picha ile nilinyamaza kwa muda. Kati ya picha hizo mbili serikali ilikwishaanza kujenga nyumba mpya na shule kijijini, na ukiziweka sambamba mabadiliko unayaona kwa macho.

Kuna kitufe ambacho wengi hawakigusi, nacho ni cha kuona picha jirani kwa namba. Kibonyeze. Kitakuonyesha negativu, yaani filamu zenyewe za kamera, zilizokaa karibu na ile unayoitazama, pamoja na zile ambazo hazikupewa maelezo yoyote. Nyingine zina duara jeusi katikati, wakati mwingine juu ya uso wa mtu. Hilo ni tundu. Roy Stryker, mkuu wa mradi ule wa picha wa serikali, alizitoboa negativu alizozikataa ili zisitumike. Mara ya kwanza nilidhani ni hitilafu ya kompyuta yangu. Kuna pia tovuti iitwayo Photogrammar, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Yale, inayopanga picha za mradi huo kwenye ramani, kaunti kwa kaunti. Ukitaka kuanzia mahali badala ya jina, anzia huko.

Maelezo yote ni ya Kiingereza, ila picha zenyewe hazihitaji mkalimani. Chukua TIFF moja moja, hifadhi kwenye fleshi, na ukienda studio mwambie fundi asipunguze ukubwa. Ya Jorena na mifuko ya unga nimeisafisha upya kwingine, ikatoka safi, iko ukutani juu ya cherehani. Blanketi la mteja nimefika mstari wa tano. Picha za shule za 1939 bado sijazifungua, nangoja bando la Jumamosi.