Mbolea ya ruzuku: uzoefu wangu mimi mvuvi wa dagaa mwenye eka mbili za mahindi

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa visiwa vya Ziwa Victoria ambao hadi leo wanauliza hivi ile mbolea ya ruzuku ipo kweli au ni maneno ya mkutano. Ipo, nimeinunua kwa mkono wangu, ila ngoja niwape na habari za njiani.

Mimi nipo kisiwa cha Kome, kule Buchosa mkoani Mwanza. Kwenye giza nipo ziwani na dagaa, mbalamwezi ikitoka dagaa hawavuliki basi narudi shamba. Msimu wa 2022/23 ndo ruzuku hii ilianza, na kwa kweli bei ilikuwa imetubana, DAP, ile mbolea ya kupandia, ilikuwa imepanda mpaka laki na ushee kwa mfuko wa kilo 50, serikali ikaishusha mpaka 70,000. Kujiandikisha hakukunisumbua, nilienda kwa mtendaji wa kijiji nikataja eka zangu na simu, namba ya kununulia mbolea ya ruzuku ikaja kwa meseji, bure kabisa, ukiona mtu anakudai ya soda mkimbie.

Shida ni kwa wakala anayeuza hiyo mbolea. Niliyempata mimi yupo ng'ambo, yaani upande kivuko mpaka Nyakaliro halafu gari halafu bodaboda. Safari ya kwanza nimefika mzigo umeisha. Ya pili mzigo upo, mtandao hakuna, tumekaa kwenye benchi mpaka saa kumi watu wanakula mihogo tu. Ya tatu kila kitu kipo, mashine ya kuhakiki alama za vidole ikakataa vidole vyangu! Naweka dole gumba inakataa, naweka cha shahada inakataa, yule kijana ananiangalia kama vile nimeiba namba ya mtu. Sasa miaka kumi na tano unavuta kamba ya nyavu alama zitoke wapi, vidole vimekuwa laini kama kijiko. Mama mmoja pale foleni akanipa kipande cha ndimu nisugue, wapi. Mwisho nikajaribu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho kwenye kamba huwa hakifanyi kazi yoyote, ikasoma. Watu wakapiga makofi aisee.

Hesabu yangu hii hapa: mifuko miwili ya DAP nimelipa 140,000, nimeokoa zaidi ya laki, lakini safari tatu kila moja elfu 18 ni 54,000, karibu nusu ya ruzuku wameila bodaboda na kivuko. Ndo maana siku hizi tunakuwa watu sita tunachangia usafiri, na kabla ya kuvuka lazima tumpigie wakala tumuulize vitu viwili, mzigo upo? mtandao upo? Halafu msisahau kuhuisha taarifa zenu kwa mtendaji kila msimu.

Na msichanganye na boti na vizimba vya kufugia samaki alivyozindua Rais Samia hapa Mwanza Januari 2024. Ule ni mkopo, riba hakuna sawa, lakini unarudishwa, jirani yangu alidhani ni zawadi akashaanza kupanga na sherehe.

Nyota tatu kati ya tano, mbili nimewanyima kwa ajili ya lile benchi. Urea ya kukuzia niliifuata mbalamwezi iliyofuata, nikaenda moja kwa moja na kidole kile kile cha mwisho, ikasoma mara moja.