Parker adai chake: uzoefu wangu na riwaya ya The Hunter

Nakala yangu ya The Hunter niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Lamu, ikiwa na jalada lililokunjika na kurasa zilizokwisha kuingia unyevu wa pwani, nami niliimaliza kwa jioni tatu nikiwa nimekaa barazani baada ya sala ya alasiri. Ni riwaya ya mwaka 1962, iliyoandikwa na Mmarekani Donald E. Westlake kwa jina la kubuni la Richard Stark. Kiingereza chake ni cha sentensi fupi na kavu, ambazo aliyeishia kidato cha nne atazifuata bila kamusi, isipokuwa misemo michache ya wahuni wa enzi zile.

Parker, mtu ambaye kazi yake ni wizi, anasalitiwa na mshirika wake Mal Resnick. Mkewe Lynn, aliyetishwa na huyo Mal, anampiga risasi inayogonga bizimu ya mkanda wake, kisha Parker anaachwa ndani ya nyumba inayoungua. Baadaye anaingia New York kwa miguu, akivuka daraja la George Washington, na anachotaka ni roho ya Mal pamoja na fungu lake la dola 45,000.

Mimi nililelewa na hadithi za Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, ambamo mwenye kiko chake hukaa akafikiri mpaka ukweli ukajitokeza, kwa hiyo ilinichukua muda kuzoea kitabu kisicho na mpelelezi wala fumbo. Aliyetenda tunamjua mapema. Kilichonishika ni lile deni. Mal amekwisha kuzitoa fedha zile kulipia kosa lake kwa genge kubwa linaloendeshwa kama kampuni, lenye ofisi na wakuu wasiomjua Parker hata kwa sura, lakini yeye hajali zimepitia mikono ya nani: anapanda kutoka kwa mkuu mmoja hadi mwingine akidai kiasi kile kile, bila riba na bila fidia ya risasi. Sisi husema dawa ya deni ni kulipa, na nadhani hapo ndipo msomaji wa huku anapomwelewa mtu huyu hata asipompenda. (Mwenye duka la mtaani kwetu, ambaye daftari lake la madeni ni heri nisilitaje, angemwelewa zaidi.)

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile inayosimuliwa kwa upande wa Mal, anapokaa katika hoteli ya genge akijipa moyo kwamba amehifadhika, huku sisi tukijua ni nani anayekuja.

Yapo yaliyonichukiza. Lynn anapojiua, Parker anauchanja uso wa maiti ili polisi wasimtambue, na mwandishi anayasimulia hayo kwa sauti ile ile anayotumia kueleza mtu akiwasha sigara. Huku kwetu maiti ana heshima yake, nami nilikifunga kitabu hadi kesho yake. Mwanamke mwingine, mwenye pumu, anakufa kwa sababu Parker amemziba mdomo, naye anakereka tu kwamba amefanya kazi ovyo. Najua ukatili huo umekusudiwa, lakini wanawake humu hawakupewa nafasi ya kuwa watu kamili, na hiyo naihesabu kuwa kasoro ya mwandishi, si ya Parker.

Kurasa za mwisho zinakwenda mbio. Westlake alikuwa amemwishiza Parker mikononi mwa polisi, ila mhariri wake, Bucklin Moon wa Pocket Books, akamtaka amwache huru ili visa viendelee. Vikaendelea hadi kufikia vitabu 24, cha mwisho kikitoka mwaka 2008.

Sitampa mwanangu wa darasa la nane. Shemeji yangu, nahodha wa mashua ya Mokowe, nimemwazima, na muuza vitabu nimemwagiza cha pili. Ameniambia nisubiri mzigo ujao kutoka Mombasa.