Albamu ya "Elgar" ya Sheku Kanneh-Mason: selo isiyopaza sauti

Kabla albamu hii haijatoka Januari 2020, wengi waliolijua jina la Sheku Kanneh-Mason walilijua kwa sababu ya matukio kuliko muziki wenyewe. Alikuwa yule kijana wa Nottingham, wa tatu kati ya ndugu saba ambao wote wanapiga muziki wa klasiki, aliyeshinda shindano la BBC la wanamuziki chipukizi mwaka 2016 akiwa mtu mweusi wa kwanza kulishinda, na ambaye miaka miwili baadaye alipiga selo, ala kubwa ya nyuzi ya jamii ya fidla inayopigwa kwa upinde, katika harusi ya Prince Harry na Meghan Markle huko Windsor, huku akitazamwa na mamilioni ya watu ambao pengine hawakuwahi kukaa kitako kuisikiliza ala hiyo. Albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2018, ilikuwa bado imebeba furaha ya ushindi na ilijaribu kumpendeza kila mtu. Kwa maoni yangu, ni hii ya pili inayomtambulisha kama mpigaji mwenye neno lake la kusema, na ajabu ni kwamba analisema kwa sauti ya chini.

Kuchagua Konserto ya Selo ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar, yaani kazi ndefu ya selo moja ikisindikizwa na okestra, kulihitaji moyo. Mpiga selo Mwingereza Jacqueline du Pré aliirekodi mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 20, pamoja na London Symphony Orchestra ikiongozwa na John Barbirolli, na tangu hapo kila anayeishika kazi hiyo hupimwa kwa kipimo cha binti yule. Kanneh-Mason naye alikuwa na miaka 20 albamu yake ilipotoka, tena na okestra ileile, safari hii chini ya Simon Rattle, katika studio za Abbey Road ambazo Elgar mwenyewe alizizindua mwaka 1931. Hata kabla ya du Pré, okestra hiyo ndiyo iliyoipiga konserto kwa mara ya kwanza Oktoba 1919, katika onyesho lililoharibika kwa sababu muda mwingi wa mazoezi ulikuwa umeliwa na kazi nyingine za usiku ule. Na miongoni mwa wapiga selo waliokaa nyuma siku hiyo alikuwamo Barbirolli, kijana ambaye hakuna aliyemjua.

Konserto haina utangulizi. Selo inaanza peke yake kwa sauti nzito zinazopigwa kwenye nyuzi kadhaa kwa pamoja, na du Pré huziingia kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Kanneh-Mason anazipiga kwa uzito uleule lakini bila hasira, kisha anaacha kimya kifanye kazi yake. Viola, zile fidla kubwa kidogo za okestra, zinapoleta wimbo mkuu zikiwa peke yake, bila chochote cha kuzisindikiza, anaupokea kwa kiwango kilekile cha sauti, haongezi chumvi, wala hautikisi uzi kwa kidole zaidi ya kinachohitajika. Ukisikiliza kwa haraka utadhani hana la kuongeza. Subiri mpaka selo ipande ngazi yote hadi juu na okestra nzima iulipue wimbo huo, ndipo utaelewa alikuwa anaweka akiba kwa ajili ya nini.

Sehemu ya pili, yenye mbio za sauti fupifupi zinazojirudia, ndiyo iliyoniacha na njaa. Upinde wake ni mwepesi na hakuna sauti inayopotea, lakini Elgar ameweka utani humo, karibu ufedhuli, na Kanneh-Mason ana adabu mno kuucheka. Baada ya hapo inakuja sehemu ya tatu, ya polepole, ambamo selo haipati pumziko ila la kitambo kidogo sana, na hapo udhaifu huohuo unageuka kuwa nguvu. Anaimba mstari mmoja mrefu kana kwamba hana haja ya kuvuta pumzi, na Rattle, ambaye angeweza kuitandaza okestra yake yote, anaizuia kiasi kwamba unasikia hata mwanzo wa kila mvuto wa upinde. Wimbo huo unaporudi kwa muda mfupi karibu na mwisho wa konserto, mwendo wote ukiwa umekufa, anaupiga kama kitu ambacho alishakiaga, na sauti nzito za mwanzo zinazoufuata zinaumiza kuliko zilivyoumiza mara ya kwanza.

Kuhusu vipande vifupi vinavyojaza albamu sina mengi. "Nimrod", kipande kingine cha Elgar, iliyopangwa upya kwa ajili ya selo inapendeza, ingawa sijui ni nani aliyekuwa akiililia tena. Nyimbo za jadi za Uingereza zinamfaa kwa sababu zinahitaji unyenyekevu, sala ya Ernest Bloch imepigwa kwa kina kinachostahili, na utenzi wa Julius Klengel kwa selo kumi na mbili ni raha ya masikio. Tatizo ni kwamba vinasikika kama zawadi za kumvutia mnunuzi aliyeogopa konserto. Kama ni mauzo, yalipatikana: albamu ilifika nafasi ya 8 katika orodha kuu ya Uingereza, na hakuna mpiga selo aliyewahi kuingia kumi bora kabla yake.

Selo inayosikika hapa ni ya ukoo wa Amati, watengenezaji ala wa Italia, ya takriban mwaka 1610, ambayo alikuwa ameazimwa. Tangu 2021 amekuwa akipiga iliyotengenezwa na Matteo Goffriller mwaka 1700. Atakayeinunua albamu hii aisikilize konserto kwanza, yote kwa mkupuo mmoja, kwa takriban nusu saa, na vile vipande vifupi aviache kwa siku nyingine.