Huduma ya unasihi shule za kata na simu 116, maoni ya mlezi niliyezitumia

Watu wengi wanauliza hivi shule za serikali kuna msaada wowote kwa mtoto aliyezidiwa kichwani, yaani sio mtukutu wala sio mvivu, amezidiwa tu. Upo, ila inategemea sana umeangukia mikononi mwa nani. Mi nalea mtoto wa marehemu dada yangu, yuko kidato cha pili shule ya kata hapa Dar, na tangu mama yake afariki alibadilika kabisa, usiku halali, anakaa na daftari wazi hajaandika hata mstari, chakula anakizungusha tu kwenye sahani mpaka kinapoa. Kwahiyo haya sio ya kusikia.

Naanza na shule. Shule za serikali zinatakiwa ziwe na walimu wa malezi, ushauri na unasihi, na kupitia SEQUIP, ule mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, na programu yake ya Shule Salama kuna walimu wamepelekwa mafunzo ya hii kazi. Nalipongeza hilo kwa moyo wote. Ila mwalimu mwenyewe anakuwa ndio huyohuyo wa bailojia, ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, na pale shuleni kwetu yule tuliyepelekwa kwake mara ya kwanza alikuwa ndio mwalimu wa nidhamu pia. Sasa jamani, mtoto kamuona mwalimu asubuhi kashika fimbo mstarini, saa nne akae mbele yake amwambie usiku namuota mama? Najua kanuni zinasema viboko visizidi vinne na mpaka mkuu wa shule aidhinishe, lakini hata kikiwa kimoja, mkono uliokuchapa huwezi kuufungulia moyo siku hiyohiyo.

Halafu hicho kikao chenyewe. Kilifanyikia ofisi ya walimu, viti viwili pembeni ya mashine ya fotokopi, kila saa mwanafunzi anaingia kuchukua chaki, walimu wengine wanasahihisha huku masikio yako kwetu, na mwalimu anauliza kwa sauti kubwa, "haya sema una shida gani, mbona wenzako nao wamefiwa na wanasoma?" Mtoto akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole akajibu hamna mwalimu, niko sawa. Ikaandikwa kwenye daftari kwamba mwanafunzi ameshauriwa, basi. Baada ya muda mfupi darasa zima wanajua kaitwa kwa ajili ya nini. Huduma hiyo naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu angalau tuliitwa.

Sasa simu 116. Hii ni ya taifa ya huduma kwa mtoto, inaendeshwa na shirika lisilo la kiserikali linaloitwa C-Sema, inafanya kazi Bara na Zanzibar, ni bure hata kama kwenye simu huna senti. Nilipiga mimi kwanza nikaeleza, dada aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akaomba kuongea na mtoto mwenyewe kama mtoto yuko tayari. Swali la kwanza alimuuliza unapenda nikuite nani. Mtoto akatoka na simu uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamuacha. Aliporudi ndio akaniambia kitu ambacho hajawahi kunitamkia, kwamba kila nikimeza dawa zangu za presha anahesabu vidonge vilivyobaki maana anaogopa na mimi nitakufa. Nilikuwa nakaa naye nyumba moja na sikuwa na habari. Wakatuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii na kutushauri twende kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa, na huko tulipokelewa vizuri, hakuna aliyemuita chizi, daktari aliongea naye zaidi kuliko alivyoandika. 116 nawapa nyota nne na nusu. Hiyo nusu naizuia kwa sababu haiko mikononi mwao: wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, sasa mtoto wa bweni anapigaje hiyo namba usiku akizidiwa? Na hata wa kutwa simu ni ya mzazi, kama tatizo liko nyumbani ataazima simu ya nani? Kungekuwa na simu moja tu pale shule ambayo mtoto anaitumia bila kuulizwa maswali.

Baadae shuleni mambo yalibadilika na hapa ndio nataka wazazi mnielewe. Kuna mwalimu wa kike anayefundisha Kiswahili, alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya unasihi, akamchukua yule mtoto. Hakuwa na chumba, alikuwa anakaa naye chini ya mwarobaini nyuma ya maabara, watu wanawaona ila hawawasikii. Kabla ya yote alimwambia yapi yatabaki kwake na yapi atalazimika kumwambia mlezi, kama vile akiwaza kujidhuru. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana watoto wanajua kwamba kujaribu kujiua ni kosa kisheria, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kwahiyo wengine wananyamaza wakiogopa polisi. Kwa huyu mwalimu mtoto akaanza kuongea, akaanza kula, mpaka mtihani wa taifa wa kidato cha pili kaingia. Shule ileile, huduma ileile kwenye karatasi, nyota tano.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la huyu mtoto lina wanafunzi kama 80, piga hesabu, ni kama 11 kwenye chumba kimoja, na mwalimu wa unasihi ana shule nzima. Ukienda kumuandikisha mtoto uliza mnasihi ni nani, anakaa wapi na watoto, na kama ndiye anayeshika fimbo. Wakishindwa kukutajia jina, ujue huduma iko kwenye karatasi tu.

Yule mwalimu wa Kiswahili saivi kapata uhamisho, nafasi yake haijajazwa na watoto wamerudishwa kwa mwalimu wa nidhamu. Nimeshamuandikia mkuu wa shule na kwenye kikao cha wazazi nitalisimamia. Kama kuna mzazi wa shule ya kata aliwahi kuandika barua ya namna hii akasikilizwa, naomba aniambie aliipeleka kwa nani, niishie kwa mkuu wa shule au niende kwa afisa elimu kata.