Sendofu kwa brashi, harusi kwa eabrashi: uso wangu umepita kote

Nilipakwa zote mbili ndani ya wiki mbili. Sendofu nilipambwa kwa mekapu ya kawaida, ya brashi na sponji. Harusi nikapuliziwa kwa mashine, ile eabrashi. Ilikuwa Dar es Salaam, Februari, joto lile la kutoka bafuni na kuanza kuloa jasho kabla hujajifuta. Ngozi yangu ni nyeusi, ya mafuta, na mashavuni nina makovu ya chunusi za enzi za chuo.

Pesa kwanza, maana ndiyo inaulizwa kila mara. Sendofu nililipa 200,000. Harusi 350,000, na jaribio la wiki moja kabla likanila 80,000 nyingine. Wifi yangu alisema hiyo ya jaribio ni kuchezea hela. Bila hiyo ningeingia kanisani na uso wa kijivu.

Nieleze. Mashine yenyewe ni kikompresa kidogo unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, kina mpira, na mwisho wa mpira kuna kitu kama kalamu ya chuma chenye kikombe juu. Mpambaji anadondoshea faundesheni ya majimaji humo, matone kadhaa, halafu anakupulizia kwa mbali kidogo huku mkono ukizunguka bila kutua. Unafumba macho. Akifika puani anakwambia uzuie pumzi. Kwa joto lile, ule ubaridi peke yake ulitosha kunifanya nitabasamu. Anapuliza tabaka jembamba, linakauka, anarudia.

Siku ile ya jaribio, alipomaliza akanipa kioo, nikaona mtu aliyekesha akipuliza majivu jikoni. Chupa alizokuwa nazo hazikuwa na rangi yangu, akachanganya ya giza na ya maji ya kunde akitegemea zitakutana katikati. Kwa ngozi nyeusi hazikutani hivyo, wekundu wa ngozi unapotea. Nikamwambia bila kumung'unya maneno. Akafuta, akaongeza tone la rangi ya chungwa, na pale nikajiona mimi. Halafu nikamwomba azime taa anipige picha kwa flashi. Uso ukatoka mweupe, shingo nyeusi! Chanzo kilikuwa krimu ya kuzuia jua niliyopaka asubuhi, pamoja na ile poda nyeupe laini ya kumalizia. Vyote viwili vinaweza kurudisha mwanga wa flashi. Siku ya harusi krimu ile sikuigusa, na poda tukaweka ya rangi, kidogo.

Sasa sendofu. Mekapu ya brashi ilichukua karibu saa mbili, na siwezi kudanganya, nilipendeza. Makovu yote yalizama. Mpambaji alikuwa anagonga konsila, ile krimu nzito ya kuficha madoa, kwa sponji kidogo kidogo, hapa na pale, mpaka shavu likawa kama la mtoto. Tatizo lilikuja kwenye kukumbatiana, na sendofu mnaijua, ni foleni ya kukumbatiana tangu mwanzo mpaka mwisho. Shangazi watatu, mama wakubwa, majirani. Kila aliyenikumbatia aliondoka na kipande changu begani. Baba mdogo alivaa shati jeupe, jipya. Mpaka MC anaita keki, begani kwake palikuwa na shavu langu kamili, na alama ya nyusi juu yake. Shati lile limefuliwa kwa kila kitu na doa lipo.

Upande mwingine, kila nilipotoka jasho msaidizi wa mpambaji alinikausha kwa tishu, akagonga poda, tukaendelea. Ni rahisi hivyo. Mekapu ya brashi inaharibika upesi lakini inatengenezeka hata ukiwa umekaa mezani na soda yako.

Asubuhi ya harusi, mashine imepangwa, mimi nimeoshwa uso na kupakwa praima, ile krimu inayotangulia chini ya mekapu, umeme ukakata. Tukasema mtaa mzima. Kuchungulia nje, feni ya jirani inazunguka. Ni LUKU yetu imeisha. Nyumba ina wageni ishirini, pasi tatu zinawaka, na hakuna aliyekumbuka kununua yuniti! Kompresa ile haina betri. Kaka yangu akanunua kwa simu, akaingiza tokeni kwa kukosea mara mbili kwa kiherehere, na mimi nimekaa na uso mtupu saa inakwenda. Kwa hiyo muulizeni mpambaji wenu kama mashine yake inachaji. Na nunueni yuniti.

Jambo jingine ambalo sikulijua: hata unapolipia eabrashi, nusu ya kazi ni ya mkono. Macho, nyusi, midomo, vivuli vya mashavu, vyote kwa brashi. Na makovu ilibidi yafichwe kwa konsila kwanza ndipo mashine ipite juu, kwa sababu ule ukungu mwembamba unasawazisha rangi tu, hauzibi mashimo.

Ibada ilikuwa Azania Front saa nane mchana, halafu picha ufukweni, halafu ukumbini mpaka saa sita usiku. Jasho lilinitoka la kutosha kulowesha shela, uso haukuyumba. Nilikumbatia watu mamia na sikuacha alama kwa mtu. Faundesheni yangu ilikuwa ya silikoni, ambayo inastahimili maji kuliko zile za maji. Nilisahau kabisa kama nimepakwa kitu, tofauti na sendofu ambako ilipofika saa nne usiku nilihisi nimevaa kinyago.

Ila mimi ni mtu wa kulia. Baba aliponikabidhi pale mbele, machozi yakashuka, nami kwa ujinga nikafuta kwa kiganja badala ya kugusisha tishu. Pakabanduka mstari, kuanzia chini ya jicho mpaka karibu na mdomo. Mpambaji alishaondoka na mashine yake, Jumamosi ile alikuwa na bibi harusi mwingine. Msimamizi wangu akajaribu kupaka krimu ya kwenye pochi yake juu ya ule mstari, ikafanya mabonge kama uji uliokosa kukorogwa. Picha nyingi za kanisani nimegeuza shavu la kulia. Mpiga picha alifikiri ni pozi.

Na kuitoa! Saa tisa usiku hotelini, sabuni imegonga mwamba, mume wangu ananishangaa. Ilitoka kwa mafuta ya nazi na pamba, mizunguko minne.

Ningerudia? Kwa ngozi yangu ya mafuta na kwa joto la pwani, ndiyo, ila ningemlipa mpambaji abaki mpaka ibada iishe, au angalau aniachie kichupa cha rangi ileile na sponji. Kama hilo haliwezekani, ningechukua brashi na 150,000 ibaki mfukoni. Shangazi yangu wa Pangani yeye anasema tungesingwa vizuri na liwa wiki nzima tusingehitaji mashine wala sponji, na ukimwangalia ngozi yake unakosa la kumjibu.

Mdogo wangu anaolewa Dodoma mwezi wa nane. Ngozi yake ni kavu, na kule upepo wa kiangazi unapasua midomo. Kwenye ngozi inayobanduka, eabrashi inaonyesha kila gamba, kwa hiyo nimemwambia apakwe kwa brashi na alainishwe uso vizuri usiku uliotangulia. Amekubali. Baba mdogo naye ameshatangaza kwenye grupu la familia kwamba atakuja na shati la kahawia.